Kati ya Ghorofa ya Nne na ya Saba

Jumanne moja ya Oktoba 2022 nilipata jumbe mbili za WhatsApp ndani ya dakika nne. Ya kwanza ilitoka kwa meneja wangu: "Hiyo skripti usimtumie mtu yeyote kabla sijaiona." Ya pili ilitoka kwa bosi wa meneja wangu: "Skripti iko wapi? Nitumie moja kwa moja. Madam asihusishwe."

Nilikuwa kwenye matatu kutoka Pipeline. Konda ananidai hamsini, na watu wawili wasiosalimiana wananidai skripti moja. Nilizima data nikajifanya niko mahali hakuna mtandao. Hakuna mahali pasipo na mtandao kati ya Pipeline na Mombasa Road.

Kampuni siitaji. Ilikuwa moja ya zile zinazokukopesha kwa app: unapakua, unabonyeza kukubali kila kitu bila kusoma, dakika tano baadaye M-Pesa inalia, una 2,000 na wiki mbili za kulipa. Mojawapo ya vitu ulivyokubali ni app kusoma majina yote kwenye simu yako. Mama. Shangazi. Mwenye nyumba. Yule mliachana. Fundi wa meko. Wote wanakuja kwetu, wamepangwa kwa alfabeti.

"Kwetu" ni ghorofa ya nne, kitengo cha ukusanyaji, yaani wadai madeni. Tulikuwa kama arobaini, kila mtu na hedifoni yake na kikombe chake cha chai kilichoandikwa jina kwa kalamu ya kudumu, maana vikombe huko vilikuwa vinatembea. Wakubwa walikaa ghorofa ya saba: mkuu wa operesheni, watu wa fedha, HR, na mkurugenzi tuliyekuwa tunamwona Desemba tu akikata keki. Kwa lugha yetu Saba haikuwa namba. Ilikuwa mtu. "Saba wamesema." "Saba hawajafurahi." "Leo Saba wameshuka, vaa vizuri."

Niliingia hapo Novemba 2021 baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Si zile hadithi za kijana aliyeacha chuo kwa sababu alikuwa na wazo kubwa. Karo ililimbikizana, korona ikafunga darasa, nikaenda nyumbani Kitui, na niliporudi Nairobi nilirudi mjini lakini sikurudi darasani. Kazi ilikuwa ya mkataba wa miezi sita sita, mshahara 28,000, na komishoni kulingana na pesa ulizorudisha. Kwa miezi mitatu ya kwanza nilipiga simu. Kisha siku moja Madam akasimama nyuma ya kiti changu na karatasi mkononi.

"Nani ameandika huu ujumbe?"

Nilijua nimefutwa. Ulikuwa ujumbe niliomtumia mama mmoja muuza nguo Gikomba. Badala ya kutumia ule wa mfumo, nilimwandikia wangu, nikamuuliza anaweza kulipa mia mbili kwa siku hadi deni liishe. Alilipa lote kwa siku tisa. Madam aliusoma tena kwa sauti, akaondoa koma moja kwa kalamu nyekundu, akasema, "Kuanzia leo hupigi simu. Wewe ni mwandishi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo kabla ya siku hiyo. Nilienda chooni nikakaa huko kidogo.

Madam alikuwa na miaka arobaini na kitu na alitoka benki. Alifika ofisini saa kumi na mbili na nusu, na kwake jam haikuwa sababu ya kuchelewa, ilikuwa kukosa mpango. Alipiga kelele. Alituita sote "wewe kijana", hata wasichana, hata baba mmoja aliyekuwa na mvi. Kila kitu nilichoandika kilirudi na wino mwekundu. Niliwahi kuandika kwenye ujumbe wa mteja kwamba kulipa deni kwa kukopa deni lingine ni kufunika moto kwa majani makavu. Nilijivunia sana huo mstari. Aliukata wote akaandika pembeni: "Huu ni ushairi. Sisi tunadai pesa."

Sasa nieleze vita vyenyewe vilianzaje, kwa sababu havikuanza kama vita.

Zamani mkopeshaji alikutisha na CRB. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa mtandaoni ambao hawakuwa chini ya usimamizi wake kupeleka majina ya watu huko. Ikabaki aibu. Aibu ilikuwepo hata kabla, lakini kwa ofisi kama yetu sasa ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Mteja akichelewa siku nane, mfumo ulikufungulia orodha ya watu wake wa simu, nawe unaanza kuwapigia. Unamwambia shangazi kwamba mpwa wake ametoroka na pesa. Unampigia bosi wake. Pesa zinarudi haraka sana, hilo lazima niseme ukweli.

Nami nililijua hilo kutoka upande wa pili. Nikiwa chuoni nilikopa 1,500 kwa app nyingine nikashindwa kulipa. Siku ya kumi na mbili mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya upili alinipigia. Namba yake nilikuwa nayo kwa sababu ndiye aliyenisaidia kujaza fomu za chuo. Aliniuliza masomo yanaendaje. Aliniuliza kama bado naandika. Tuliongea kama dakika kumi, na tulipokaribia kuagana akasema, "Kuna watu fulani wananipigia, wanasema umetoroka. Nimewaambia wewe si wa kutoroka." Hakutaja pesa. Sijampigia mwalimu huyo tena hadi leo. Kwa hivyo mtu asije akasema kwamba sikujua nilichokuwa naandika.

Machi 2022 zikatoka kanuni za Benki Kuu za wakopeshaji wa kidijitali. Zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho au matusi, kuanika habari za mdaiwa hadharani, au kuwasumbua watu walio kwenye simu yake bila idhini. Tena kila kampuni ilipaswa kuomba leseni. Madam alizichapisha, akapaka rangi ya njano kwenye hicho kifungu, akakibandika karibu na mtungi wa maji ambako kila mtu hupita. Kwenye mkutano wa asubuhi akasema: kuanzia leo hakuna kumpigia shangazi ya mtu.

Saba hawakupinga. Hiyo ndiyo tabia yao, hawapingi kitu kwenye mkutano. Walisema wamelipokea, wakamshukuru Madam kwa umakini wake. Wiki iliyofuata tageti ikapanda.

Hapo ndipo sisi tuliokuwa kati tulianza kuumia, na nataka kulisema hili polepole kwa sababu watu wakisikia hadithi hii huharakisha kuamua nani mwema. Komishoni yangu ilikuwa kati ya 5,000 na 8,000 kwa mwezi. Mei ilikuwa 2,100. Nyumba yangu Pipeline ilikuwa 6,000, chumba kimoja, dirisha langu na la jirani yamekaribiana kiasi kwamba tungeweza kupokezana chumvi. Dada aliyekaa mbele yangu ofisini alikuwa na watoto wawili shule ya kibinafsi, zile za mabati. Siku moja tukiwa tunakula chapo madondo kwenye kibanda nyuma ya jengo, aliweka kijiko chini akasema, "Madam ana dhamiri, sawa. Lakini mbona dhamiri yake inalipwa na komishoni yangu?"

Hakuna aliyemjibu. Mshahara wa Madam haukuwa na komishoni.

Na Madam mwenyewe hakupanda juu kugombana. Nimejaribu mara nyingi kumwelewa hapa. Kwa miaka ya benki alikuwa amejifunza kwamba hutoki salama ukimwambia mkubwa hapana, kwa hivyo alisema ndiyo juu na hapana chini. Mfumo ulitaka kila mteja wa siku nane awe amepigiwa watu wake. Alituagiza tusipige, ila tujaze "hakupatikana". Kwenye ripoti za Saba ilionekana tumepiga maelfu ya simu, na Nairobi nzima imezima simu zake. Alikuwa analinda wateja, na analinda ofisi pia. Lakini aliyekuwa anabonyeza uongo ni sisi, kila mtu kwa jina lake la kuingilia kwenye mfumo. Hilo halikumjia, au lilimjia akalifukuza.

Septemba Benki Kuu ikatangaza leseni za kwanza: kampuni 10, kati ya maombi 288. Yetu haikuwemo. Ghorofa ya nne tulidhani hiyo itampa Madam ushindi. Saba walisoma habari hiyo hiyo wakaona kinyume chake: wakati unakwisha, kusanya unachoweza kabla mlango haujafungwa.

Wiki hiyo mkuu wa operesheni aliniita juu.

Sikuwa nimewahi kufika Saba. Kuna zulia. Kuna kahawa ya ukweli, ile ya kusagwa ukisimama hapo. Mkuu mwenyewe alikuwa kijana, pengine miaka thelathini na nne, viatu bila soksi. "Bro, keti," aliniambia, nami nikakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba karo. Alisema amesoma jumbe zangu zote. Alisema digrii si kitu siku hizi. Yeye alikuwa nazo mbili, zilikuwa ukutani nyuma yake. Akasema wanatafuta kiongozi wa timu, 45,000, mkataba wa mwaka, na jina langu limetajwa.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Huko chini kukoje? Numbers hazieleweki."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulize Madam. Nilisema, "Kuna vile tunaelekezwa kujaza." Akanisukumia kahawa karibu. "Ukipata nafasi niandikie kidogo. Ni kati yetu."

Nilimwandikia usiku huo nikiwa kitandani, taa imezimwa, kama mtu anayemwandikia mpenzi. Aya tatu za WhatsApp. Nilieleza "hakupatikana" inavyofanya kazi. Na kwa sababu siwezi kuandika kitu bila kutaka kisifiwe, nilimalizia hivi: kwa ufupi, Madam anafunika moto kwa majani makavu.

Alijibu kwa kidole gumba.

Skripti ilikuwa sehemu ya pili ya ombi. Saba walitaka ujumbe wa kuwatumia watu wa karibu wa mteja, ambao mwanasheria akiusoma hataona kosa. Hakuna neno deni. Hakuna tusi. Niliandika hivi: "Habari. Tunamtafuta" kisha jina la mteja, "kwa jambo la dharula. Tafadhali mwambie atupigie leo." Basi. Ni ujumbe wenye adabu. Mpe mama aliye Kitui ujumbe huo saa moja jioni, mwanawe yuko Nairobi, hashiki simu. Usiku huo halali. Nilijua hivyo kwa sababu nilimfikiria wangu nilipokuwa nauandika. Ndiyo njia yangu ya kuandika, namfikiria mtu mmoja.

Sijui Madam alipata habari kutoka wapi kwamba kuna skripti. Ofisi ni kijiji. Basi Jumanne ile nikiwa kwenye matatu, zikaingia zile jumbe mbili.

Nilifanya nini? Saa mbili na dakika kumi nilimtumia Madam. Saa mbili na dakika kumi na mbili nikawatumia Saba. Nilijiambia sijamwasi mtu yeyote. Leo najua kulikuwa na jibu la tatu, la mstari mmoja tu, kwenda juu: "Nimepokea, ila kwa utaratibu namwongeza Madam hapa." Madam mwenyewe alikuwa akitufundisha hivyo, kwamba ukiambiwa jambo kwenye ngazi, liombe kwa maandishi, na aliyekuajiri awe anaona. Lakini mstari huo ungenigharimu 45,000, nami nilikuwa tayari nimezitumia kichwani. Nilikuwa nimenunua meko ya gesi ya vichomeo viwili.

Karatasi ya Madam ilirudi kabla ya saa nne. Wino mwekundu, mahali pawili. "Dharura, si dharula." Na chini yake: "Jibu ni hapana."

Saba hawakusahihisha kitu. Walisema, "Poa sana bro."

Kila mtu Kenya anaijua ile methali ya ndovu na nyasi. Ofisini tuliitaja karibu kila siku ya Oktoba, mtu akinyimwa ruhusa, mtu akihamishwa zamu. Niliipenda kwa sababu inamwacha nyasi bila hatia. Nyasi haimwendei ndovu mmoja usiku kumweleza mwenzake amesimama wapi. Nyasi haina WhatsApp.

Mwanzoni mwa Novemba Madam alipewa barua ya kujieleza. Saa arobaini na nane za kujibu, kisha kikao. Hatukuambiwa, lakini tulimwona akishuka kwa ngazi badala ya lifti, barua imekunjwa mara nne. Alikaa kwenye dawati lake akapanga kalamu. Asubuhi iliyofuata alinikonyeza nimfuate kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya nne na ya tano, pale ambapo kamera haikuwa inafika.

"Wewe kijana, unakijua kifungu cha 41?"

Sikukijua. Akanieleza kama anavyoeleza kila kitu, kama nimechelewa kukijua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41: kabla mwajiri hajakufuta kwa utovu wa nidhamu au kazi mbaya, lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako uliyemchagua mwenyewe ndani ya chumba. Na huyo mwenzako akiwa na la kusema, lazima lisikilizwe.

"Nimekuchagua wewe," alisema.

Nikauliza kwa nini mimi. Nilitumaini atasema hakuna mwingine.

"Kwa sababu unaandika. Nataka mtu atakayekumbuka kilichosemwa vile kilivyosemwa."

Nilisema sawa, Madam. Usiku huo nilianza ujumbe wa kumwambia ukweli mara sita. Mmoja ulikuwa mrefu sana na, Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri. Nilizifuta zote. Nilijiambia huenda hawajatumia maneno yangu. Wana data zao wenyewe, wana wachambuzi, mimi ni nani.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa tano, kwenye chumba cha vioo. HR, mkuu wa operesheni, mwanasheria wa nje, na sisi wawili upande wa pili wa meza. Kulikuwa na maji ya chupa ambayo hakuna aliyeyafungua. HR akauliza kama mazungumzo yaendelee kwa Kiingereza. Madam, ambaye Kiingereza chake ni cha kukufanya ukae wima, akasema, "Sheria inasema lugha ninayoielewa. Leo naelewa Kiswahili." Nusura nicheke. HR alitafuta maneno kwa dakika ishirini kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Unashutumiwa kwa... kwa ku-manipulate... kwa kuchezea takwimu."

Yalikuwa madai manne. La tatu lilihusu "hakupatikana". HR alisoma kutoka kwenye karatasi, Kiingereza kwanza, kisha anajaribu kutafsiri, na katikati ya aya akafika mahali ambapo Kiingereza kiliisha. Mwandishi wa ile karatasi alikuwa amenukuu chanzo chake kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu alishindwa kukitafsiri. HR akasoma vizuri kabisa, bila kukwama: "...kwa ufupi, Madam anafunika moto kwa majani makavu."

Hakunigeukia mara moja. Alitazama ile chupa ya maji. Kisha akageuka polepole, akanitazama kama alivyokuwa akitazama ukurasa wangu kabla ya kufungua kalamu. Alikuwa ameujua mwandiko.

Madam alijibu madai yote manne. Alijibu kwa utulivu, na la tatu alikubali. Alisema ndiyo, niliwaagiza wajaze hivyo, nilikosea, nilipaswa kukataa kwa maandishi nikataja kanuni za Machi. Akasema waliojaza hawana kosa, agizo ni langu. Hilo sikulitarajia. Nadhani hata Saba hawakulitarajia, mwanasheria alianza kuandika haraka.

Kisha HR akaniuliza, kwa sababu sheria inamtaka aniulize, "Na wewe, una la kusema?"

Ningependa kuandika kwamba nilisimama. Sikusimama. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyeamshwa. Nilisema yale maneno ya majani makavu ni yangu. Nilisema niliombwa niyaandike. Nikaweka simu mezani, nikafungua ule ujumbe wa Jumanne, "Madam asihusishwe," nikaigeuza ili mwanasheria asome. Nikasema kuna skripti, na skripti hiyo ni ya kuwapigia watu ambao kanuni zinasema wasipigiwe, na Madam aliikataa kwa maandishi, karatasi ninayo. Mkuu wa operesheni akasema, "Bro." Ni hilo tu.

Sikusema kuhusu ile 45,000. Nilisema nusu iliyonifanya nionekane nimetumiwa, nikaiacha nusu iliyoonyesha nilikuwa na bei.

Tuliingia kwenye lifti, sisi wawili. Lifti ya jengo lile ilikuwa polepole. Tulipofika ghorofa ya sita akauliza, macho yakiwa kwenye namba, "Walikuahidi nini?"

"Uongozi wa timu. Arobaini na tano."

"Sasa unapata ishirini na nane."

"Ndiyo, Madam."

Akahesabu. Mtu wa benki. "Kumi na saba," alisema. Mlango ukafunguka, tukatoka, kila mtu akaenda kwenye dawati lake, na alasiri hiyo nilipokea kutoka kwake jumbe nne za wateja zimesahihishwa kama kawaida.

Hawakumfuta. Waliongea na wakili wake, wakakubaliana aondoke: notisi ililipwa, siku za likizo zililipwa, akapewa cheti cha utumishi ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe. Nilisikia mwanasheria aliwaambia juu kwamba mahakama ya kazi pale Milimani inaweza kuamuru hadi mishahara ya miezi kumi na miwili mtu akifutwa isivyo haki, na kwamba ujumbe wa "asihusishwe" hauonekani vizuri mbele ya jaji. Siwezi kuapa ndivyo ilivyokuwa. Nilisikia kwenye kibanda cha chapo. Mimi mkataba wangu uliisha tarehe 30 Novemba na HR aliniandikia mistari miwili ya shukrani. Mkuu wa operesheni alibaki. Dada aliyekuwa mbele yangu ndiye aliyepewa uongozi wa timu, na sikuweza kumkasirikia, aliitumia ile pesa kuwahamisha watoto shule.

Siku ya Madam ya mwisho tulimnunulia keki. Alikata vipande arobaini sawasawa, alijua kugawa. Aliponifikia alinipa changu juu ya kitambaa cha karatasi akasema, "Endelea kuandika. Lakini jifunze kutopenda sana sentensi zako." Sikujua kama nimesamehewa. Bado sijui, na sijauliza.

Tangu hapo naandika kwa kibarua. Makala za watu wengine, wasifu wa kampuni, hotuba ya harusi mara mbili, tovuti ya fundi wa sola. Naishi vizuri miezi mingine na miezi mingine nauza kitu. Meko ya vichomeo viwili iliondoka Machi 2023.

Mwaka jana, jioni, nikiwa napanga foleni ya maji pale plotini, simu iliita mlio wa ujumbe. Namba nisiyoijua. Ilimtaja binamu yangu kwa majina yake matatu, yale ya kitambulisho. Nilianza kuogopa kabla ya kufika mwisho, moyo uko mbio, nawaza ajali, nawaza hospitali, kisha macho yakatua kwenye neno moja katikati na nikaujua.

"Habari. Tunamtafuta. Kwa jambo la dharula. Tafadhali mwambie atupigie leo."

Nilimpigia binamu. Alikuwa nyumbani anatazama mpira. Kisha nikapiga picha ya skrini nikamtumia Madam, bila maelezo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwandikia tangu ile keki. Tiki mbili zilikuwa za buluu karibu mara moja, kisha kimya, foleni ikasonga, nikajaza mtungi wa kwanza na wa pili. Nilikuwa naufunga wa tatu jibu lilipoingia.

"Niliwaambia ni dharura."